Vitabu Vilipokwisha

Wewe sasa unajua kusoma. Hongera. Umeacha kazi za nyumbani jioni ukaenda darasani. Umeshika kalamu kwa mkono uliozoea jembe au kasia. Leo unasoma maneno haya mwenyewe, bila kusomewa na mtu.

Nataka kukueleza jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi wakati wa kujifunza. Kusoma kunaweza kupotea. Mimi nililiona jambo hilo nyumbani kwetu, kwa bibi yangu mzaa mama.

Cheti ndani ya sanduku

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 36. Nilizaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Victoria. Kwetu tunalima mihogo, mpunga na machungwa. Tunavua sato, sangara na dagaa. Bibi ndiye aliyenilea.

Bibi alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake aliweka kanga zake nzuri, na chini ya kanga aliweka cheti chake cha kisomo. Mara kwa mara alikitoa akanionyesha. Alikuwa akisema, "Mume wangu, tazama. Hata mimi nilifaulu."

Bibi alijifunza kusoma wakati wa kampeni kubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tulikuwa tumeanza mapema kidogo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 kulikuwa na mpango wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na shirika la UNESCO. Tena Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kuwa za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika.

Wakati huo Bibi alikuwa mama kijana. Alikwenda darasani akiwa na mtoto mgongoni. Alijifunza kwa kitabu cha kilimo cha pamba. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa taifa, alifaulu. Watu walimpigia vigelegele.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba bibi yangu ni msomi. Sikuwa na shaka yoyote.

Siku moja, nilipokuwa na miaka 20, nilimsindikiza kwenda kupokea malipo ya mazao yake. Karani alimpa daftari ili atie sahihi. Pembeni palikuwa na kalamu na kidau cha wino. Bibi hakuigusa kalamu. Alichovya dole gumba katika wino, akalibandika kwenye daftari.

Nilinyamaza mpaka tulipofika njiani. Kisha nikamwuliza, "Bibi, mbona umeweka dole? Wewe si una cheti?"

Akasema miwani yake imepotea. Nikamkumbusha kwamba hajawahi kuwa na miwani. Tukatembea kimya. Tulipokaribia nyumbani akasimama, akatua kikapu chake chini.

"Mume wangu," akasema, "vitabu vilikwisha."

Akanieleza. Kijiji chao kilikuwa na kabati la vitabu. Liliitwa maktaba ya kijiji. Yeye na wenzake walivisoma vitabu vyote vya kabati lile. Lilikuwapo pia gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa, lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Baadaye gazeti likawa haliji. Karatasi zilikuwa adimu, na fedha zilikuwa adimu vilevile. Kabati lilihamishwa kutoka chumba hiki hadi chumba kile. Mwisho mchwa waliingia.

"Nikabaki na kitabu changu cha pamba," Bibi alisema. "Nilikirudia mpaka nikakijua chote kwa moyo. Kitabu unachokijua kwa moyo hukisomi tena. Unakiimba tu. Siku nilipotaka kusoma kitu kingine, niliona herufi zimenikimbia."

Ndugu msomaji, mwaka 1967 kati ya watu wazima 100 katika nchi yetu, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walibaki 39. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba hawafiki 10. Hiyo ilikuwa kazi kubwa sana, na sifa zake ni za haki. Lakini hesabu za mwaka 1975 na 1986 zilitokana na mitihani. Zilihesabu watu waliofaulu. Mtu kama Bibi, aliyefaulu kisha akasahau, hakuna aliyerudi kumhesabu.

Siku ile ndiyo iliyonifanya nichague kazi hii.

Kosa langu

Nilisomea cheti katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kisha nilipewa kazi ya kusimamia madarasa ya vijijini. Nilijiambia kwamba katika madarasa yangu vitabu havitakwisha.

Nikakusanya vitabu 12. Nilivichagua mwenyewe. Kulikuwa na kitabu cha mbolea, cha minyoo, cha choo bora, cha ufugaji wa kuku, na vingine vya namna hiyo. Nikavipanga juu ya meza ya darasa. Nikawaambia wanakisomo, "Haya, ndugu zangu, someni."

Baada ya mwezi mmoja nilirudi. Vitabu vilikuwa vimepangwa vilevile. Juu yake palikuwa na vumbi. Nilikasirika. Niliwaambia watu kwamba hawapendi maendeleo.

Mama mmoja alisimama. Alikuwa mtu wa makamo, muuza dagaa, mwenye maneno machache. Akasema, "Mwalimu, usitugombeze. Vitabu hivi ni vizuri. Lakini kila kimoja kinatufundisha kazi. Sisi mchana kutwa tuko kazini. Jioni unatupa kazi nyingine. Je, hakuna kitabu cha mtu aliyependa, au aliyelia, au aliyewachekesha watu?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimewachagulia watu wazima vitabu kama mtu anayempimia mtoto dawa. Sikumwuliza hata mmoja anataka kusoma nini.

Kitabu cha mbolea kina kazi yake, na mtu mwenye shamba akikihitaji atakitafuta. Lakini mtu hujenga mazoea ya kusoma kwa kusoma kitu anachokitamani. Nilipojiuliza ni vitabu gani vya kutamanika, niliona hata mimi sivijui. Tangu nimalize masomo nilikuwa sijasoma kitabu hata kimoja cha hadithi.

Safari ya Mwanza

Nilikwenda maktaba ya mkoa, mjini Mwanza, kuomba ushauri. Nilimkuta mkutubi, yaani mtu anayetunza vitabu na kuwahudumia wasomaji. Nilimweleza habari za darasa langu. Hakunicheka. Akaniambia kwamba Jumamosi moja ya mwezi uliofuata maktaba itaonyesha vitabu. Mwandishi mmoja wa riwaya atakuja kusoma na kujibu maswali. Hakuna kiingilio.

"Walete watu wako," akasema. "Wachague wenyewe."

Darasani tulikubaliana kuchanga nauli. Fedha zilitosha watu watano na mimi. Tulichagua wanawake watatu na wanaume wawili. Yule mama muuza dagaa alikuwa mmojawapo. Mzee mmoja mvuvi alikuwa mwingine.

Nilimwomba na Bibi aje. Nauli yake nililipa mimi. Alikataa mara mbili. Alisema, "Nitafanya nini katika nyumba ya vitabu? Nitakutia aibu." Mara ya tatu nilimwambia kwamba atakwenda kusikiliza tu. Akakubali. Alivaa kanga mpya, akachukua na miwani ya kuazima kwa jirani. Nilijua maana ya miwani ile, lakini sikusema neno.

Tulipanda meli Nansio alfajiri. Mwanza tulifika mchana haujawa mkali, tukatembea kwa miguu mpaka maktaba.

Mlangoni wenzangu walisita. Mzee mvuvi alivua viatu. Mfanyakazi wa maktaba akamwambia, "Vaa, Baba. Hapa ni kwenu." Kisha alitueleza kwamba maktaba ya umma ni mali ya wananchi. Huduma hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Maktaba za mikoa ni watoto wa maktaba ile.

Mzee alivaa viatu vyake, tukaingia.

Meza ya vitabu

Katikati ya chumba palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa. Juu yake vitabu vilisimamishwa, majalada yakitazama watu, kama bidhaa sokoni. Mkutubi alikishika kila kitabu, akaeleza mwanzo wake, kisha akakirudisha. Mwisho hakuutaja hata mara moja.

Alianza na Peponi. Kitabu hiki kiliandikwa na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, na ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yeye huandika kwa Kiingereza. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Ni habari za mtoto aitwaye Yusuf. Baba yake ana deni asiloweza kulipa, na mtoto anachukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni hilo. "Yusuf anadhani anakwenda kutembea tu," mkutubi alisema. Akaishia hapo.

Kisha akashika Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Humo mna msichana aitwaye Yasmin, aliyeozwa kwa mwanamume mzee asiyempenda. Je, atavumilia au ataondoka? Wanawake wetu watatu walitazamana.

Akaonyesha Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Huyu alizaliwa mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Ni hadithi ya mtu mwenye kazi ya mjini, anayeiacha na kwenda kulima. Akaonyesha na Wasifu wa Siti binti Saad, wa mwandishi huyo huyo. Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi. Alikuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri.

"Muuza vyungu!" alisema mama muuza dagaa. Akakishika kitabu kile na hakukirudisha mezani.

Mzee mvuvi aliuliza, "Mwalimu wetu alituambia ni vitabu vipya. Huyu Shaaban Robert amefariki zamani. Kitabu chake kitakuwaje kipya?"

Mkutubi akajibu, "Baba, kitabu ambacho hujakisoma ni kipya kwako."

Alitufundisha pia namna ya kuchagua. Usitazame jalada peke yake. Soma maneno ya nyuma ya kitabu. Kisha fungua katikati, usome ukurasa mmoja. Kila neno usilolijua, kunja kidole kimoja. Ukikunja vidole vyote vya mkono mmoja kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kiache kwanza, utakirudia baadaye. Kama umekunja kimoja au viwili, kichukue. Na kama umekichukua na hakikupendezi, kirudishe. Si dhambi kuacha kitabu njiani.

Swali la Bibi

Baada ya hapo mwandishi alikaribishwa. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye shati la mikono mifupi. Alisoma kurasa tatu za riwaya yake, kisha akafunga kitabu na kusema, "Ulizeni."

Mzee mvuvi aliuliza, "Unazijuaje habari za watu ambao hawakuwako?"

Mwandishi akasema, "Nawaazima, Mzee. Mwendo nauchukua kwa jirani, sauti naichukua kwa shangazi, hasira naichukua kwangu mwenyewe."

Mama mmoja akauliza analipwa kiasi gani. Watu walicheka, lakini mwandishi alijibu. Alisema mwandishi hupata sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Malipo hayo huitwa mrabaha. Mtu akitoa kitabu kizima nakala kwa mashine bila ruhusa, mwandishi hapati kitu.

Kisha mwandishi akauliza sisi tumetoka wapi. Tuliposema Ukerewe, alifurahi sana. Akasema, "Ninyi mmetoka katika kisiwa cha waandishi!" Hatukumwelewa. Akatuhesabia kwa vidole. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika ya mwaka 1971, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ni wa Ukerewe. Na kabla yao alikuwako Aniceti Kitereza.

Ndugu msomaji, nilizaliwa kisiwani pale. Jina la Kezilahabi nilikuwa nalijua. La Kitereza nilikuwa nimelisikia tu.

Mwandishi alitueleza habari zake. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliona kwamba desturi za Wakerewe zinasahaulika, akaamua kuziandika katika hadithi ya mume na mke waliotafuta mtoto. Aliandika kwa Kikerewe. Alimaliza mwaka 1945. Lakini hakupata mchapaji. Miaka ilipita. Akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980, na kiliitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Toka alipokimaliza mpaka kilipochapishwa ilikuwa miaka 35. Mwaka 1981 Kitereza alifariki, akiwa mzee wa miaka kama 85.

Mkutubi alikwenda rafuni, akarudi na kitabu hicho. Kilikuwa kinene, na karatasi zake zilikuwa zimebadilika rangi. Akatueleza mwanzo. Bibi Bugonoka hana mtoto, na ndugu za mume wanamtukana. Baba yake anakuja kumchukua binti yake. Mume anapokwenda kumwomba arudi, wakwe wanamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Hapo nilisikia sauti nyuma yangu. "Sita!"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Watu wote waligeuka. Bibi alijiziba mdomo kwa kanga. Mwandishi akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Tafadhali endelea."

Bibi akasema polepole, "Mitungi sita si mchezo. Ndizi hizo mtu mmoja hana. Lazima aombe kwa ndugu. Unazivundika mpaka ziive. Unazikamua kwa majani. Unatia unga wa ulezi au mtama uliokaangwa. Unafunika. Ukikosea siku moja, pombe imeharibika, na mke hukumpata." Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. "Wakwe wale hawakutaka pombe tu. Walitaka kujua kama mume ana watu wa kumsaidia, na kama ana subira."

Chumba kizima kilinyamaza. Mwandishi alikuwa ameshika kalamu, anaandika maneno ya Bibi katika daftari lake. Nami niliona jambo nisilolitazamia: mwandishi wa vitabu anaandika imla kwa bibi yangu.

Kisha akamwuliza, "Bibi, kitabu hiki umekwisha kukisoma?"

Moyo wangu uliruka. Nilitaka kujibu kwa niaba yake. Nilitaka kusema miwani yake ni mibovu. Lakini Bibi aliivua ile miwani ya kuazima, akaiweka mapajani.

"Sijakisoma," akasema. "Nilikuwa najua kusoma. Cheti ninacho. Vitabu vilikwisha kijijini, nikasahau. Sasa nakuuliza wewe mwandishi. Huyu mzee wetu alingoja miaka 35 kitabu chake kichapwe. Mimi nimengoja zaidi ya miaka 35 kitabu cha kusoma. Yeye alikuwa Ukerewe, na mimi nilikuwa Ukerewe. Kwa nini hatukukutana?"

Mwandishi hakujibu haraka. Mwisho alisema, "Bibi, katikati yenu palikosekana mtu wa kukibeba kitabu."

Mkutubi alinitazama. Nami nilijua kwamba neno lile lilikuwa langu.

Siku ya vitabu kijijini

Tulirudi na vitabu. Serikali ya kijiji ilitudhamini, na maktaba ikatuazima vitabu 15 kwa jina la darasa. Safari hii wanakisomo walivichagua wenyewe. Kile cha mzee Kitereza kilikuwamo.

Tuliweka utaratibu. Kila kitabu kilishonewa mfuko wa kitambaa. Kila anayechukua anaandika jina lake na tarehe. Tumemchagua mtunza vitabu, naye ni mama muuza dagaa. Kwa kuwa anajua kudai madeni, vitabu vinarudi.

Hata hivyo hatukukosa hasara. Kitabu kimoja kililiwa na mbuzi, kuanzia jalada hadi ukurasa wa 20. Tulichanga, tukakilipa. Mwenye mbuzi alichangia zaidi.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakaa chini ya mwembe. Tunaiita siku ya vitabu. Kila aliyesoma anasimama na kusema mambo matatu: kitabu kinamhusu nani, pahali gani pamempendeza au pamemwudhi, na nani mwingine kijijini angefaa kukisoma. Mwisho wa hadithi hautajwi.

Mzee mvuvi alikisoma Utubora Mkulima. Alisema kijana wake aliyeko mjini angefaa kukisoma. Mama mmoja alisimama akasema kitabu chake kilimchosha na amekiacha katikati. Zamani ningemgombeza. Sasa nilimwuliza sababu, akaieleza vizuri mno, mpaka watu wawili wakakigombania ili wahakikishe kama anasema kweli.

Na mimi ninasoma. Afisa anayehimiza kusoma na yeye hasomi ni kama mpishi asiyeonja.

Bibi alirudi darasani akiwa na umri wa miaka 74. Alianza na herufi, pamoja na wanawake wenye umri wa wajukuu zake. Herufi nyingine zilirudi upesi, kama kuku wanaoijua njia ya nyumbani. Nyingine zilimsumbua. Tulimnunulia miwani, safari hii ya kwake mwenyewe.

Baada ya miezi sita nilimsindikiza tena kupokea malipo ya mazao. Karani alisogeza kidau cha wino. Bibi alikisukuma pembeni, akachukua kalamu. Aliandika jina lake herufi moja moja. Nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni. Karani alitazama saa yake. Bibi hakuharakisha. Alipomaliza, aliitazama kazi yake, akarudisha kalamu mahali pake.

Sasa anasoma Bwana Myombekere. Anasoma nusu ukurasa kila jioni, wakati mwingine robo. Kitabu ni kinene, na sijui atakimaliza lini. Juzi nilimkuta amekaa mlangoni, kidole kiko juu ya mstari. Mimi nimekwisha kukisoma chote. Nilitaka kumwambia kitakachompata Bugonoka.

"Nyamaza, mume wangu," alisema bila kuinua macho. "Usinimalizie."

Ukitaka kuanza

Ndugu msomaji, kama kijiji chenu hakina vitabu, anzeni hivi.

Mwulizeni mwalimu wenu au afisa elimu wa kata maktaba iliyo karibu iko wapi. Mwende watu wawili au watatu. Mwulize masharti ya kujiunga, ada, na kama wanaazima vitabu kwa kikundi. Mwulize pia ni siku gani wanaonyesha vitabu au wanamwalika mwandishi.

Sikilizeni redio. Tangu mwaka 2023 inatolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wakitangazwa, andikeni majina ya waandishi, kisha myapeleke maktaba mkaulize vitabu vyao.

Mkikutana na mwandishi, msiogope kumwuliza. Yeye anajua kitabu chake, na ninyi mnayajua maisha yenu.

Na ukimaliza kitabu kizuri, usikirudishe kimya kimya. Mwambie mwenzako. Kitabu hutembea kwa mdomo wa aliyekisoma.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Bibi alisahau kusoma? Je, mnamjua mtu mwingine aliyesahau?

2. Mwalimu alifanya kosa gani alipoleta vitabu 12 darasani?

3. "Katikati yenu palikosekana mtu wa kukibeba kitabu." Maneno haya yana maana gani? Katika kijiji chenu mtu huyo angeweza kuwa nani?

4. Bibi aliwaeleza watu habari za pombe ya mitungi sita. Ninyi mnajua mambo gani ambayo mwandishi angefaa kuyaandika?

5. Kila mmoja ataje kitabu kimoja alichosoma, na amtaje mtu mmoja anayefaa kukisoma.